Siku Shoka Alipokaa Sakafuni

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, salamu za mtu aliyetulia akazikumbuka, si zile za kupungiana mikono njiani. Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Kile kifua chake kimepoa, au bado anakohoa na kuikimbia dawa kama mtoto mdogo? Na wanangu je? Nasikia mkubwa ameota meno mapya ya mbele na sasa hakuna kalamu inayosalimika nyumbani kwenu, na mdogo wake amejua kusoma, basi kila kibao cha duka anakisoma kwa sauti hadi mnachelewa mnakokwenda. Msimkataze. Waambie mama mkubwa wao anawakumbuka, na zile picha walizonichorea nimezibandika ukutani jikoni, hata ile ambayo nina vidole vingi kuliko vya binadamu.

Ukitaka habari za huku, nyumba imesimama, paa halivuji, na mama anakula vizuri. Mengine nitayafikia taratibu. Naomba unisubiri, kwa sababu sijazoea kuandika, na nikikimbizwa nitayaruka yale yenyewe.

Najua utashangaa nimeshikaje kalamu wakati simu iko hapa mezani. Simu nimeijaribu, tena si mara moja. Kila nikikupigia unapokea kwa furaha, unaniuliza hali, na kabla sijavuta pumzi ulimi wangu unajibu wenyewe kwamba mimi niko salama kabisa. Kisha unanieleza ya kwako, nakupa ushauri, unacheka, unaniambia, "Dada, wewe ndiye mwanamke wa shoka, bila wewe sijui ningekuwa wapi," tunaagana. Nabaki na simu mkononi, na nililokupigia bado liko kooni. Nimeona heri karatasi. Karatasi haikatizi mtu kwa kumsifu.

Nianze na mama. Mwili wake hauna neno, ila kichwa kinazidi kwenda zake. Kuna siku anaijua nyumba, kuna siku anaamini tuko hospitali na kwamba mimi ni muuguzi wa zamu. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Sasa nimeacha, namwitikia tu, kwa sababu akinidhania muuguzi hanibishii kwenye kuoga. Tena huwa na maongezi mazuri na huyo muuguzi wake. Juzi nilikuwa namchana nywele, akaanza kunisimulia habari za wanawe. Alisema anaye mwana wa kiume, mzito wa kusema lakini ana moyo. Anaye kitinda mimba, mwalimu, huyo ndiye anayemwombea usiku na mchana. Nikamuuliza kama hana mwingine. Akasema yupo, yule wa katikati, lakini huyo hana haja ya kuombewa. Ukimpa jambo ni kama limekwisha. "Huyo," akasema, "hata simfikirii." Alisema kwa kujivuna, mdogo wangu, kama mtu anayesifia mlango imara. Nikaendelea kumchana.

Mchana anakaa kwa jirani yangu mshonaji, yule mwanamke mnene anayeshonea barazani. Amempa mama kikapu cha vipande vya vitambaa. Mama anavikunja vyote, kimoja kimoja, anavipanga, kisha anavikunjua na kuanza upya, na jioni analalamika kwamba kazi ya hapa ni nyingi na msimamizi ni mkali. Mshonaji ndiye huyo msimamizi, na amekubali cheo. Ni mtu mwema. Lakini naye kila nikimchukua mama jioni huniangalia nilivyo, na unga kwenye nyusi, huku mkono mmoja nimemshika mama na mwingine nimebeba mfuko wa sokoni, na husema kwamba mwanamke mwingine angekuwa ameshaangusha kilio katikati ya barabara. Husema hivyo akicheka, uzi mdomoni. Sijui ni kwa nini siku hizi sifa hiyo hunifika kama mlango uliofungwa usoni.

Hebu nikuulize wewe mwalimu wa lugha. Mwanamume akibeba gunia la unga, huitwa mpakiaji. Nikilibeba mimi, huitwa wa shoka. Kaka akimpeleka mama kwa daktari mara moja kwa mwaka, ukoo mzima husema ana adabu kwa wazazi. Mimi nikimwogesha kila siku, husemwa nimeumbwa hivyo. Wapo pia wanaoniita jikedume, nao hudhani wamenipandisha daraja. Mimi hujiuliza huyo ni ndege gani, asiyetaga wala kuwika. Mnawafundisha nini watoto mkifika kwenye maneno hayo?

Lakini nisijifanye kwamba jina hilo nililichukia tangu mwanzo. Nililipenda. Unajua lilivyokuja. Ilikuwa ile siku fundi wa tanuri alipozimia katika kiwanda chetu cha mikate. Mlango wa tanuri ulikwama wazi, joto likajaa chumba kizima, na wanaume wakarudi nyuma wakiitana majina, kila mmoja akimtaka mwenzake awe wa kwanza. Nikajifunga kitambaa kilicholowa usoni, nikaingia, nikamkokota kwa makwapa hadi uani, tukammwagia maji. Kisha nikarudi ndani kutoa mikate, maana hakuna mwingine aliyeikumbuka. Kesho yake bosi alitukusanya, akanisimamisha mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye mwanamke wa shoka." Kufikia wakati wa chakula cha mchana jina langu la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kazi. Nikawa Shoka. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Tangu hapo kila kizito kimejua njia ya kuja kwangu. Mashine ya kukandia ikigoma, aitwe Shoka. Mteja akigomba kwamba mikate ni midogo, aitwe Shoka. Mmoja wetu akifiwa, Shoka ndiye atakayekwenda kusema na familia, kwa kuwa Shoka halii. Na kweli sikulia, maana ningelia nani angesema na familia? Watu hawaliulizi shoka kama limechoka. Huliuliza kama lina makali, na likishapasua kuni huegemezwa nyuma ya mlango, watu wakaota moto.

Hata yule aliyekuwa shemeji yako, siku anaondoka alisimama pale sebuleni na mabegi yake akasema kwamba humu ndani hakuna kazi ya mwanamume. Balbu ikiungua, yeye akishtuka mimi nimeshapanda kwenye kiti. Nilimwambia basi angewahi kiti. Hakucheka. Nilimfungulia geti, na kwa kuwa mabegi yalikuwa mazito, moja nilimbebea mwenyewe hadi barabarani. Hilo sikuwahi kukusimulia, nilijua utanicheka, na ungekuwa na haki.

Ndiyo maana sikushangaa kwenye kile kikao cha kwa kaka, cha kuamua mama akae wapi. Wewe hukuwapo, ulikuwa kwenye simu waliyoiweka juu ya meza ya kioo. Kaka alieleza presha ya wifi. Ukaeleza watoto, kazi, na vyumba vyenu vilivyo vidogo. Kila mtu akatazama simu kana kwamba ndiyo iliyozaliwa na mama. Ndipo sauti yako ikatoka humo ikisema dada ataweza, dada ni mwanamke wa shoka. Kaka akajipiga paja kwa faraja. Wifi akaingia jikoni. Kikao kiliisha kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa nikitabasamu, nakumbuka vizuri. Nilikuwa natabasamu na papo hapo nahesabu moyoni mahali pa kuweka kitanda cha mama. Watu husema punda afe mzigo ufike. Huyo punda, sijasikia akiulizwa.

Sasa nikusimulie lililonipata kazini. Lilitokea asubuhi moja baada ya magari ya kwanza kuondoka na mikate. Hiyo ni saa nzuri kiwandani, kelele zimepungua, watu wanafagia unga na kutaniana. Niliingia ghalani kuangalia hamira iliyobaki. Miezi kadhaa mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukinifanyia vituko, ganzi ikija na kuondoka, maumivu yakishuka kutoka kiunoni kama maji ya moto. Nilijikaza kisabuni, nikasema ni uchovu. Asubuhi hiyo mguu haukuniuma. Haukuwepo tu. Nilikanyaga, na pale nilipokanyaga hapakuwa na mguu. Nikateleza taratibu, mgongo ukisugua magunia, mpaka nikajikuta nimekaa sakafuni na miguu nimeinyoosha mbele kama mtoto anayecheza.

Nilijaribu kusimama, nikashindwa. Nilijaribu tena kwa kushika kingo za gunia, gunia likapasuka, unga ukanimwagikia mapajani. Upande wa pili wa ukuta nilikuwa nasikia wenzangu wakicheka. Nikaamua kuita. Na hapo, mdogo wangu, ndipo nilipopata mshangao mkubwa kuliko wa mguu. Sikupata neno la kuitia. Nilitafuta neno ambalo watu hutumia, nikalijua ni lipi, lakini lilipofika mdomoni likageuka. Nilichosema, kwa sauti ile ile yangu ya kila siku, ni, "Nani yuko hapo?" Kicheko kikakatika. Nikasikia mafagio yakianza kwenda mbio. Walidhani nawagombeza kwa uvivu.

Baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia dereva wa gari la mikate, yule mrefu anayeinama kwenye kila mlango hata usiohitaji. Alinikuta pale chini, unga umenijaa. Nikajua nimepona. Alinitazama, akatazama magunia, akauliza kama ni panya tena. Kabla sijajibu alichuchumaa karibu yangu, akashusha sauti, akasema hata hivyo amefurahi kunikuta nimetulia kwa sababu ana jambo. Mkewe amerudi kwao. Kisa, mama mkwe alikuja kuwatembelea, na yeye kwa uchovu akasinzia mezani mama wa watu akiwa katikati ya hadithi ya maradhi yake, tena akakoroma. Mke amesema hiyo ni dharau. Yeye anasema ni usingizi. Afanye nini?

Nami nikamjibu. Nimekaa sakafuni, nusu ya mwili siisikii, namshauri mtu namna ya kumrudisha mkewe. Nilimwambia aende kwa mama mkwe, si kwa mke, asijitetee, amwombe mama amalizie ile hadithi, na safari hii akae kwenye kigoda kisicho na mgongo. Alicheka sana. Uso ukamng'aa. Alisimama, akanishukuru, akasema bila mimi kiwanda hiki kingekuwa kimeshafungwa, kisha akatoka na kuurudisha mlango polepole nyuma yake, ili nisisumbuliwe.

Nilibaki mle peke yangu. Mwanga ulikuwa ukiingia kwenye kidirisha cha juu na vumbi la unga likielea ndani yake, na nje maisha yakiendelea vizuri kabisa. Sikuwahi kujihisi niko mbali na watu namna ile, na watu walikuwa upande wa pili wa ukuta. Ganzi ilipoanza kulegea nilitambaa hadi kwenye rafu, nikajivuta nikasimama, nikajipangusa. Nilipotoka, mmoja alinitania kwamba leo Shoka kaamua kuoga unga. Nikawaambia wamalize kufagia. Kuhusu dereva, usihofu, mke amerudi.

Siku ile ile nilikwenda kwa bosi, nikamwambia naumwa. Aliinua kichwa akanitazama, akaangua kicheko, akasema nikiumwa mimi wao watakuwa wameshazikwa. Halafu akaniambia alikuwa karibu kuniita, kwa sababu msimamizi wa zamu ya jioni anaacha kazi na hakuna anayemwamini zaidi yangu. Nikatoka ofisini nikiwa na zamu mbili.

Usimwone mbaya. Si mtu mbaya. Hata nyinyi si watu wabaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wote kunisoma, na mlisoma nilichoandika.

Sasa lile ninalolizunguka. Jumapili iliyopita nilikuwa bafuni namwogesha mama. Alikuwa mtulivu, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, ananisimulia kwa adabu, kama anavyosimuliwa muuguzi, kwamba maji ya hospitali hii ni ya vuguvugu, wanajitahidi. Nikainama kuchukua beseni. Mguu ukaenda, na safari hii na mwenzake. Beseni likaanguka kwa kishindo, maji yakatapakaa, nami nikaketi kwenye maji na nguo zangu zote, mgongo ukutani. Nilimwangalia mama kwanza kama amepatwa na baridi, kama ameogopa. Nikaanza kumwambia si kitu, si kitu, nainuka sasa hivi. Nilisema nainuka mara nyingi, bila kuinuka.

Mama aliacha habari za maji. Alinitazama usoni, kutazama ambako sijakuona tangu kichwa chake kianze kusafiri. Kisha akasema, taratibu, kwa ile lugha yao ya zamani, "Huwezi, mwanangu?"

Wewe mwalimu unajua kwamba kwa wazee wetu mgonjwa ni mtu asiyeweza. Wakisema fulani hawezi, kila mtu anaelewa kwamba yuko kitandani, na hakuna aibu ndani yake. Mimi neno hilo nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nalijua kwa upande mmoja tu, wa kushindwa.

Nikamjibu, "Siwezi, mama."

Akasema, "Pole." Akashuka kwenye kiti chake kwa shida, na sikuweza kumzuia. Akaketi kwenye maji kando yangu, alivyo, mikunjo yake yote na mifupa yake, akachukua kile kitambaa cha kuogea akaanza kunifuta uso. Alinifuta paji, akanifuta nyuma ya masikio kama anavyofutwa mtoto anayekwenda shule. Sijui alinijua au alimfuta tu mtu aliyekuwa mbele yake. Nililia, mdogo wangu. Nililia kwa sauti, nikiwa na miaka hii niliyo nayo, na mama hakuniambia ninyamaze. Tulikaa hivyo mpaka mshonaji aliposikia akaja, akatukuta wawili sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakupata la kunisifia. Alitoa viatu, akapandisha gauni, akatuinua mmoja mmoja.

Lililo chini ya haya yote ni hili, na ndilo nililokuficha. Hospitali nilishakwenda, baada ya ile siku ya ghalani. Wamenipiga picha za mgongo. Kuna kipande kati ya mifupa kimetoka mahali pake na kinabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia ni lazima nipasuliwe, na kwamba nikichelewa miguu inaweza isirudi. Walinipa siku. Siku hiyo ilipofika nilikwenda kazini. Nilioka mikate.

Utauliza kwa nini. Si kisu nilichokiogopa. Muuguzi aliyenipangia ile siku aliniuliza nani atakuwa pamoja nami, nani atakaa nje akinisubiri, nani atanishika mkono nikianza kutembea. Nilifungua mdomo nikakuta sina jina la kumpa. Si kwamba sina watu. Ninao, nawe ni wa kwanza. Ila sikujua jinsi ya kukuita, kama nilivyoshindwa pale kwenye magunia. Nikamwambia nitakuja mwenyewe. Akasema haiwezekani mtu akaja mwenyewe. Ndipo nikaona bora nisije.

Baada ya ile Jumapili nilirudi kwao nikaomba siku nyingine. Wamenipa Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea, lakini hawakusema jinsi ilivyo kazi kufichua.

Jana nilimpigia kaka. Nilikuwa nimeliandaa neno tangu asubuhi, nikalisema kabla ya salamu ili lisigeuke njiani. Nilimwambia, "Kaka, siwezi." Akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza nimegombana na nani. Nilipomweleza yote, alibaki akisema "lakini wewe," "lakini wewe," kama gari linalokataa kuwaka. Wifi ndiye aliyemnyang'anya simu. Akasema mama aletwe kwao, chumba cha mbele kipo, na presha yake inatulia kwa dawa. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa. Alisema tangu siku ya kikao alitaka kujitolea, hata kwa siku za mwisho wa wiki, lakini kila akija kwangu anakuta kila kitu nimekishika, naye hujiona mikono yake haina pa kuingia. Aliogopa nitaona ananidharau. Nikakumbuka na mabegi ya yule aliyekuwa shemeji yako. Sijui la kufanya na jambo hilo bado, lakini nimelisikia.

Kwa hiyo kaka anakuja kumchukua mama wikendi hii, na kikapu chake cha vitambaa. Mshonaji ameanza kununa tangu asikie. Bosi nimemwambia zamu ya jioni atafute mtu, na ya asubuhi pia kwa sasa. Safari hii hakucheka. Alitaka kunisindikiza hadi getini, na nikamwacha.

Lako ni hili, na naliandika kwa herufi zilizonyooka ili lisisomeke vingine. Nataka uje. Usinitumie pole, wala usinitafutie msichana wa kazi. Usiniulize kama kweli ni lazima, maana ukiniuliza nitasema si lazima, na nitakuwa nimekudanganya. Omba ruhusa shuleni, mwachie baba yao watoto, aharibu nyumba anavyopenda. Nataka nikiingizwa kule ndani niwe nimetaja jina lako, na nikitolewa niukute uso wako, hata kama umesinzia. Sihitaji unifanyie kitu. Kaa tu. Mimi sijawahi kukaliwa kando na mtu, nasikia ni vizuri.

Najiona nimeandika maneno makali nami nakuomba usiyachukue vibaya. Hujanikosea. Nilipokuwa nikikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, hukuuliza mgongo ni wa nini, ulijua tu ni mahali pa kulala. Nami nilifurahi ulipolala.

Msalimie sana shemeji, mwambie anywe dawa. Wasalimie majirani zako wale wa ng'ambo ya barabara walionipokea vizuri mara ya mwisho, na mwalimu mkuu wako ambaye hukosa raha ukiomba ruhusa. Mwambie safari hii ni mimi ninayeomba. Mama angekusalimu, lakini yuko kwenye kazi zake za kukunja. Nimemwambia namwandikia kitinda mimba wake. Akasema niandike kwamba anakuombea.

Ukija, usipite sokoni, usibebe kitu. Ukifika usibishe hodi ukasimama nje kungoja nikufungulie, kwa sababu sasa kuinuka kwangu ni kazi. Mlango utaukuta umerudishwa tu. Sukuma uingie.

Ni mimi,
Dada yako